Sindano Uishike Wewe

Tarehe 4 Februari

Kwako mdogo wangu,

Pokea salamu kwanza, malalamiko yanafuata, maana malalamiko yakitangulia salamu hazitapata pa kukaa. Sisi wazima. Wifi yako kifua kimepona, siku hizi anakohoa pale tu anapotaka nijue kwamba hakubaliani nami. Binti yetu amehamishiwa kufundisha shule ya karibu, kwa hiyo chumba cha nyuma kina mtu tena na redio haizimwi kutwa. Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Simuni unasema wewe, mimi nasikiliza, halafu unaitwa kazini nami nabaki na nusu ya jambo mdomoni. Barua haina wa kuikatiza.

Jambo lenyewe ni macho. Si mboni, ni kope za juu. Zimeshuka. Wateja wanadhani nasinzia, na mmoja alinigonga begani katikati ya mazungumzo akaniuliza kama nimelala njaa. Kazi yangu unaijua: mwandika mabango hutazama juu kutwa nzima. Sasa nikiwa kwenye ngazi, ili nione sehemu ya juu ya herufi, lazima nirudishe kichwa nyuma kama kuku anayemeza maji. Shingo ikichoka nainua kope kwa kidole cha mkono wa kushoto, brashi iko kulia. Wifi yako akauliza, na ngazi inashikwa na mkono gani? Nikamwambia ngazi inajishika yenyewe. Akakohoa.

Mwezi uliopita nilimwandikia mwenye duka la dawa bango jipya. Nilipomaliza nikashuka, nikavuka barabara, nikatazama. Herufi zote zilikuwa na vichwa vifupi, utadhani zinainama kupita mlango mdogo. Mwenyewe alisema ni nzuri. Mimi niliona aibu hata mchana ule chakula hakikushuka. Mdogo wangu, naogopa. Kazi nyingine siijui, na umri wa kujifunza nyingine umenipita.

Daktari wa macho wa hapa anasema msuli unaoinua kope umelegea, unaweza kukazwa kwa upasuaji, ila huku hakuna anayefanya. Akataja hospitali yenu. Nikamwambia mdogo wangu wa kike yupo hapo, tena ndiye anayewatia watu ganzi ya macho. Akasema, basi huna hofu. Hanijui.

Nina maswali mawili na sharti moja. Inauma? Na je, mtanilaza kwa nusukaputi? Nataka nilale, nikiamka kazi iwe imekwisha. Sharti ni hili: sindano uishike wewe, si mwingine.

Msalimie shemeji na kuku wake.

Kaka yako,
Fundi Mabango


Tarehe 23 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, hata viatu vya kazini sijavua. Huku tunaendelea. Shemeji yako anajenga banda la tatu la kuku, mawili ya kwanza yaliingia maji, na bado anasema kosa ni la mvua. Kijana wetu amemaliza mitihani, anangoja majibu na kula kama mtu anayelipiza kisasi. Mwambie wifi nafurahi kifua kimepona na aendelee kukohoa.

Nimesikitika kwa bango la duka la dawa. Nimecheka kidogo pia, nisamehe.

Nusukaputi hutaipata. Tafadhali usiikunje karatasi, soma mpaka mwisho. Kazi hii hufanywa mgonjwa akiwa macho, wala si kwa ubahili wa dawa. Daktari akishaukaza ule msuli lazima ajue ameuinua kiasi gani. Akikaza mno, jicho halifumbi na litakauka. Akikaza kidogo, umesumbuka bure. Mtu aliyelala fofofo hawezi kuambiwa fungua macho tukupime. Kwa hiyo katikati ya kazi tunakukalisha, unafungua macho, unatazama mbele, na daktari anatazama kope zote mbili kama wewe unavyotazama mstari wa herufi kutoka ng'ambo ya barabara. Pakiwa na tofauti unalala tena, anarekebisha.

Ndiyo maana hata ganzi yenyewe hatumwagi. Kwanza matone ndani ya jicho, yanawasha kidogo, kisha jicho linatulia. Halafu daktari anachora mstari kwenye kikunjo cha kope. Anachora kabla ya sindano, maana dawa ikiingia ngozi huvimba na kikunjo hupotea. Ndipo sindano, nyembamba kuliko ya kushonea vifungo, inapita chini ya ngozi tu, haiingii kwenye jicho. Dawa ni kidogo na inasukumwa polepole kuanzia upande wa nje, na kila tunapoendelea sindano inaingia mahali palipokwisha kufa ganzi. Tukizidisha, ule msuli nao unalala. Hapo tukikukalisha kope hainyanyuki, na daktari anapima uongo. Ndani ya ganzi kuna dawa nyingine ya kubana mishipa ili damu isivuje ovyo. Hiyo inaweza kufanya moyo udunde kwa muda, kama mtu aliyepanda ngazi mbio. Usishtuke. Tunangoja ishike, kisha daktari anafinya ngozi kwa koleo ndogo na kukuuliza unasikia nini. Ukisikia mguso tu, sawa. Ukisikia makali unasema, tunaongeza.

Niandikie dawa zote unazotumia, hata za kichwa. Aspirini hasa, kwa sababu inachelewesha damu kuganda, na kope imejaa vijishipa. Na ushuke kwenye ngazi mpaka tumalize.

Najua unachofikiria sasa. Unafikiria mlango uko upande gani. Sijamsahau yule daktari wa meno aliyekufuata mpaka barabarani kwa sababu ulikimbia na kitambaa chake shingoni. Kwa mwoga huenda kicheko, nasi tumekicheka hicho miaka. Safari hii mwoga akikimbia hatutacheka, Kaka. Ngazi haina utani.

Mdogo wako,
Mama Sindano


Tarehe 16 Machi

Mama Sindano,

Tuna afya. Binti amegombana na mwalimu mkuu kuhusu funguo za maktaba na ameshinda, kwa hiyo nyumbani hapapitiki kwa maringo. Wifi yako anakusalimu.

Umeniandikia somo zima kurasa mbili na nimejifunza mengi. Sijajibiwa. Nilikuuliza inauma? Nilitaka neno moja tu, umenipa matone na mstari na koleo. Na sharti langu nalo umeliruka kama dimbwi.

Mstari umenipendeza. Anachora kwa kalamu gani? Na anatumia rula au mkono mtupu? Mimi hutumia mkono mtupu, na mwanafunzi akija na rula humwambia akauze vitambaa. Lakini pale uliposema moyo utadunda, ulianza kudunda papo hapo mezani, kabla ya dawa, kabla hata ya nauli. Wifi yako alijitolea kunifinya kope kwa kile kikoleo chake cha nyusi ili nizoee. Nilimkimbia mpaka uani, na jirani aliona.

Dawa situmii yoyote. Ngazi nimeipunguza.

Kaka yako,
Fundi

Na uso, mnaufunika? Wote au nusu? Nauliza tu.


Tarehe 2 Aprili

Kaka yangu,

Salamu kwa wote, na hongera kwa binti na funguo zake. Kijana wetu amefaulu. Shemeji yako aliposikia alichinja kuku mmoja kati ya wale aliowajengea banda, na sasa wengine wanamtazama vibaya. Mimi nimelala vibaya wiki hii, ni kazi nyingi tu.

Basi nijibu. Inauma. Inachoma, kama ndimu kwenye mkwaruzo, kwa muda wa kumsalimia mtu na kumuulizia watoto wake. Halafu haipo tena, kope inakuwa nzito kama si yako. Dawa tunaipasha ifikie joto la mwili na kuipunguza ukali, inasaidia, lakini mchomo wa kwanza haukosi. Sikutaka kukuambia nikihofia utakimbia. Kisha nikaona nikikuficha utakimbia ukiwa mezani kwenyewe, na mtu akiruka sindano ikiwa kwenye kope ni hatari. Kwa hiyo umeshaambiwa.

Daktari anachora kwa mkono mtupu. Kalamu ni ya rangi ya zambarau.

Sasa lile la chini ya barua. Ndiyo, uso tunaufunika. Ni nguo ya kijani yenye tundu la macho, ili jeraha libaki safi, na inashuka mpaka kifuani. Chini yake kuna joto na pumzi yako inakurudia. Wagonjwa wengi hulalamikia hiyo kuliko sindano.

Nimekaa na swali lako siku nzima. Ulisema unauliza tu. Mimi nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka mama akitoa mchanga puani mwako kwa pindo la gauni lake, na watu wamesimama na majembe. Na najua kwamba tangu siku ile kile kisima kilipokufukia hujavaa nguo ya kupitisha kichwani, ni mashati ya vifungo tu, hata kwenye baridi. Nyumbani kwetu kisima hakitajwi, basi nami sitakitaja tena. Nasema hivi tu: nguo inaweza kuinuliwa ikae mbali na pua na mdomo, mtu akaishikilia, hewa ikapita. Njoo na shati la vifungo.

Nimekupatia nafasi tarehe 20 Mei. Kuhusu sharti lako tutazungumza ukifika.

Mdogo wako


Tarehe 9 Mei

Kaka,

Salamu fupi, nisamehe. Hujajibu barua na siku zinakaribia. Nilipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza haikupokelewa. Mara ya pili wifi alisema umetoka kikazi, na wakati anasema hivyo nilisikia mtu akipiga chafya nyuma yake, chafya yako, ile ya kutikisa vyombo. Mna nini? Kama umeamua kutokuja niambie, nitakasirika nikiwa najua. Hivi sasa nakasirika huku naogopa, na vyote viwili kwa pamoja siviwezi.

Niandikie. Hata mstari mmoja.

Mdogo wako


Tarehe 22 Mei

Kwako mdogo wangu,

Tuko salama. Binti anakusalimu. Mvua zimekata na vumbi limerudi, na nyumba yote imekaa rangi moja.

Miadi imenipita, najua, na nimeona haya kukuandikia. Kazi zilinibana. Kuna mtu wa hoteli ndogo alitaka bango la ukuta mzima, siwezi kumwacha katikati. Afya yangu ni nzuri. Ukiona mwandiko umelala upande, ni kalamu hii, inakwaruza na wino hautoki sawasawa. Tupange siku nyingine, hakuna haraka. Kope zimekaa pale pale.

Kaka yako

Wifi yangu, naandika hapa chini, ametoka kwenda kunawa na barua hajaifunga. Kalamu ni nzima. Kaka yako alianguka kutoka kwenye ngazi mwezi uliopita, pale pale kwenye ukuta wa hoteli. Mkono mmoja brashi, mwingine kope. Kifundo cha mkono wa kulia kimeteguka na mbavu zilivilia damu, anaandika kwa kujikaza. Anameza aspirini asubuhi na jioni toka siku ile, na hakuna daktari aliyempa, kanunua mwenyewe kwa yule mwenye duka la dawa. Alinikataza nisikwambie, hata simuni alikuwa ananiwekea kidole mdomoni. Mvute kwa kamba ukitaka. Mimi nimechoka kukohoa.


Tarehe 8 Juni

Kaka,

Wifi asigombezwe. Nikisikia amegombezwa nakuja mwenyewe na bomba la sindano. Hizo ndizo salamu zangu za leo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha anguko, ukaficha na dawa, na ungekuja hapa tarehe 20 ukalala mezani na damu nyepesi kama maji huku umeniandikia kwamba humezi kitu. Unajua nini kingetokea? Sindano inapopita chini ya ngozi ya kope hukutana na mishipa, na kwa mtu mwingine ni uvilio mdogo unaoisha. Kwako kope ingejaa damu kabla daktari hajashika kisu. Na ikivujia nyuma ya jicho inaweza kulibana mpaka lisione tena. Nimekaa na barua hii mapajani nikiwa na hasira, na hofu pia, sitakuficha.

Nenda kwa daktari wa hapo mwambie kila kitu, mkono, mbavu na aspirini. Kwa kuwa hakuna aliyekuandikia kwa ajili ya moyo, bila shaka atakuambia uache, lakini akuambie yeye, usijipangie. Nimekuwekea tarehe 20 Julai, damu itakuwa imerudia hali yake. Ngazi impe wifi, aifungie.

Nami nina langu ambalo nimeliruka kama dimbwi, ulisema kweli. Sindano sitaishika. Hapa kwetu hakuna anayemtia ganzi ndugu yake, ni utaratibu. Lakini hata usingekuwepo utaratibu nisingeishika, Kaka. Nimechoma kope za watu wengi hata sikumbuki, mkono wangu haujawahi kutikisika. Nikifikiria yako unatikisika nikiwa jikoni nakata vitunguu. Mganga hajigangi. Sikukuambia kwa sababu nilijua ukisikia hutakuja.

Atakayekuchoma ni mwenzangu ambaye mimi mwenyewe ningempa kope zangu. Lakini chumbani nitakuwemo. Nitakaa kichwani pako, nitaishika ile nguo isikuguse pua, na mkono mwingine nitakushika. Hilo naliweza. Nakuahidi.

Mdogo wako


Tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Wifi yako hajagombezwa, ananitawala. Ufunguo wa chumba cha ngazi ameutundika shingoni. Aspirini nimekatazwa rasmi. Mbavu zinapona.

Barua yako niliisoma nikakasirika, nikaenda uani nikarudi, nikaisoma tena. Nilitaka wewe kwa sababu wewe ukisema inachoma kama ndimu, inachoma kama ndimu. Wengine husema kidogo tu mzee, kidogo tu.

Kisima nakitaja mwenyewe, mara moja. Chini ya mchanga kulikuwa na hewa kidogo mbele ya uso, ndiyo iliyoniokoa. Nilikuwa nasikia majembe. Sikujua kama yananikaribia au yananikosa, wala nani ameyashika. Giza siliogopi. Naogopa kufunikwa uso na kutojua nani yuko upande wa pili.

Nitakuja. Ushike nguo. Useme neno moja moja nijue ni wewe.

Kaka yako


Tarehe 10 Agosti

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini ulifika salama na basi halikukuchosha. Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Shemeji yako ametundika lile bango ulilomwandikia kwa mkono wa kushoto, BANDA LA KUKU, HODI KABLA YA KUINGIA, na anawaonyesha wageni kuliko anavyowaonyesha kuku. Kijana wetu anaigiza chafya yako.

Kope zinaendeleaje? Uvimbe huhamia chini ya macho kabla ya kwisha, usiogope rangi. Marhamu ya macho uweke usiku hata kama unaona jicho linafumba vizuri. Nyuzi zilitoka vyema. Daktari amefurahi, anasema kope zote mbili ziko sawa kabisa, na kwamba ulitulia kuliko alivyotegemea baada ya mimi kumsimulia habari za daktari wa meno.

Nami nilikuwa pale kama nilivyoahidi, nikashukuru Mungu. Unakumbuka nini cha ndani ya chumba? Wengine husema hawakumbuki vizuri kwa sababu ya wasiwasi. Si lazima ukumbuke. Nauliza tu.

Wifi nimpe salamu gani? Mwambie asirudishe funguo haraka.

Mdogo wako


Tarehe 29 Agosti

Kwako mdogo wangu,

Salamu zote zikufikie, za wifi yako, za binti, na za jirani aliyeniona nikikimbia uani, ambaye sasa anasema alijua tangu mwanzo kwamba mimi ni jasiri. Uvimbe umeisha. Asubuhi nafungua macho na dari iko pale, yote, mpaka pembeni, sihitaji kidole. Funguo nimepewa kwa masharti: nikipanda, wifi yako anashika ngazi chini kwa mikono miwili. Hakohoi tena, siku hizi anaimba.

Bango la duka la dawa nimelirudia bila kuombwa. Nilivuka barabara nikatazama. Herufi zimesimama wima na vichwa vyake vyote.

Unaniuliza nakumbuka nini. Nakumbuka yote, mdogo wangu. Si ndiyo faida ya ganzi?

Nakumbuka ulinitangulia kuingia, ukanifunga kofia, mikono yako baridi kama chupa ya maji, kama ilivyo tangu utoto. Nikawekewa matone. Nikachorwa mstari, mkono mtupu kweli, nikamheshimu. Nguo ikashuka usoni, nawe ukaiinua na kusema "niko hapa, Kaka." Halafu yule mwenzako akasema sasa sindano. Mara ile nguo ikatikisika, ikanigusa pua, ikainuliwa tena. Na mkono ulioshika wangu kuanzia hapo ulikuwa mpana na wa moto. Na aliyesema "tuko hapa, mzee" alikuwa na sauti nzito. Nikamuuliza mdogo wangu yuko wapi. Akasema yupo, yupo hapa hapa.

Usidhani niligeuka malaika. Ilichoma kama ndimu, sawasawa na ulivyosema, na nilipojua uliyeahidi kukaa hukukaa, miguu ilianza kutafuta sakafu yenyewe. Moyo ulidunda mpaka nikausikia kwenye meno. Nilijiambia, watoto wake hawajambo, mkewe hajambo, mama mkwe wake hajambo. Nilipofika kwa mama mkwe mchomo ulikuwa umekwisha.

Kisha baada ya muda daktari akasema, sasa mzee tunakukalisha. Wakaikunja nguo kifuani. Akasema, fungua macho, tazama mbele. Nikafungua. Mbele yangu kulikuwa na mlango wenye kioo, na nyuma ya kioo ulikuwa wewe, umeziba uso kwa mikono miwili, kofia imekukaa upande, mabega yanaruka. Nikakodoa. Daktari akasema, mzee, usikodoe, utanipotezea kipimo, tazama kawaida. Nami nikajitahidi kumtazama mdogo wangu analia, kawaida.

Pale ndipo miguu ilipotulia. Nilikuwa nataka kujua nani yuko upande wa pili, nikawa nimemwona. Halafu nikajiambia, katika nyumba yetu mmoja ameshakimbia leo, wa pili abaki. Wakanilaza, wakanifunika, nikakaa kimya mpaka uzi wa mwisho.

Nilipokuwa kwako sikusema, kwa sababu kila nilipofungua mdomo uliniongezea chakula. Na sikukasirika, usije ukaanza kutetemeka jikoni tena. Ila tangu mwezi wa pili nilikuuliza swali moja ukawa unalizunguka, na sasa nalirudisha, maana safari hii linakuhusu wewe. Pale mlangoni, iliuma?

Neno moja tu.

Kaka yako